KOILI KALI HAIPONYI GARI CHAFU

Somo kwa wenye pikapu, kutoka Nchelenge na ufuo wa Ziwa Mweru

Gari ni mtumishi wa watu wengi kuliko wale wanaoonekana wamelipanda. Ukweli huo haujifichi katika mji wa Nchelenge, mkoani Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Hapo pikapu moja yaweza kubeba alfajiri magunia ya dagaa wakavu, adhuhuri mabati ya mjenzi, na usiku mama mja mzito anayekimbizwa katika Hospitali ya Mtakatifu Paulo iliyoko Kashikishi. Pikapu hiyo ikikohoa njiani na kuzima, hasara haimwishii mwenye usukani peke yake. Humfika mvuvi, mchuuzi, mgonjwa, na mtoto anayesubiri karo.

Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba wenye magari huvutiwa na kila kifaa kinachosifiwa kuwa huongeza nguvu. Miongoni mwa vifaa hivyo ni koili ya kuwashia injini ambayo haikutengenezwa na kampuni iliyounda gari, bali na watengenezaji wengine, ikauzwa kwa sifa ya kutoa cheche kali kuipita ile ya awali. Aghalabu huwa na rangi ya kung'aa, nyekundu au manjano, na boksi lake huandikwa maelfu ya volti. Wauzaji huahidi mambo matatu: injini itawaka upesi, itavuta mzigo kwa nguvu zaidi, na itakunywa petroli kidogo.

Je, ahadi hizo ni za kweli? Jibu fupi ni kwamba koili nzuri iliyooana na gari ni kifaa chenye manufaa. Lakini koili kali haiwezi kuiponya injini iliyoachwa ichafuke, na ikifungwa bila kupimwa yaweza kuunguza vifaa vilivyokuwa vizima. Jibu refu lastahili kuelezwa hatua kwa hatua, hasa kwa familia inayotegemea gari moja tu.

ZIWA, BARABARA NA MZIGO

Ziwa Mweru lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na mpaka wa Zambia na Kongo hupita katikati ya maji yake. Mto Luapula huingia upande wa kusini. Maji hutoka upande wa kaskazini kwa Mto Luvua, karibu na mji wa Pweto nchini Kongo. Lugha inayotawala upande wa Zambia ni Kibemba, lakini sokoni Kashikishi Kiswahili si kigeni, maana wafanyabiashara wa ng'ambo, kutoka Pweto na kutoka Kilwa ya Kongo, huvuka nacho. Tangu mwaka 2018 wilaya ya Nchelenge pia ina makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa kuwapokea wakimbizi waliokimbia mapigano nchini Kongo, na hao nao wamekuja na Kiswahili chao.

Mali ya ziwa hilo ni samaki: perege wa aina mbalimbali, na dagaa wadogo waitwao chisense, ambao huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana juani. Mali hiyo haina faida ikibaki ufuoni. Sharti ifike Mansa, makao makuu ya mkoa, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kupitia Mwansabombwe, mji wa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda. Wengine huendelea hadi miji ya migodi ya shaba. Hao hupita Chembe, juu ya daraja la Mto Luapula lililofunguliwa mwaka 2008, kisha husafiri takriban kilomita 70 ndani ya ardhi ya Kongo kabla ya kuingia tena Zambia upande wa Mufulira. Gari linalozima katika kipande hicho limezima katika nchi ya watu, likiwa na samaki mgongoni na jua kichwani.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hupiga marufuku uvuvi ili samaki wazaliane. Majira hayo ni ya mvua. Pikapu nyingi hupungukiwa na mzigo, unyevu huingia chini ya boneti, na magonjwa ya umeme wa gari hujitokeza. Basi huo ndio wakati mwafaka wa matengenezo, na ndio pia wakati ambapo mtu mwenye haraka hununua koili kali kwa kuwa amesikia yasifiwa.

CHECHE HUTOKA WAPI

Injini ya petroli haiendi kwa petroli peke yake. Mchanganyiko wa petroli na hewa hugandamizwa na pistoni ndani ya silinda, kisha cheche ya umeme huruka kati ya ncha za plagi na kuuwasha. Betri ya gari hutoa volti 12 tu, na umeme huo hauwezi kuruka hewani hata unene wa karatasi. Plagi huhitaji maelfu ya volti. Kazi ya koili ni kuugeuza umeme mnyonge wa betri kuwa umeme mkali wa plagi.

Ndani ya koili mna chuma laini kilichozungushiwa nyaya mbili za shaba. Msokoto wa kwanza ni wa waya mnene, wenye mizunguko mia kadhaa. Msokoto wa pili ni wa waya mwembamba kama unywele, wenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Umeme wa betri upitapo katika msokoto wa kwanza hukifanya chuma kuwa sumaku. Umeme huo ukatwapo ghafla, nguvu ya sumaku huporomoka, na kuporomoka kwake huzaa katika msokoto wa pili umeme unaoweza kufikia volti 20,000 na zaidi. Msingi wa elimu hiyo uligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Kufikia mwaka 1910, Charles Kettering, mhandisi wa Marekani, alikuwa amekwisha kuutumia katika mfumo wa betri na koili uliofungwa kwenye magari ya Cadillac. Pikapu za zamani zinazotembea leo Nchelenge zafuata mpango ule ule.

Kinachokata umeme huo hutofautiana. Katika magari ya zamani ni platini, yaani vijichuma viwili vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa. Katika magari yaliyofuata ni moduli ya elektroniki. Katika magari ya karibuni ni kompyuta. Kwa mfano, katika ukoo wa Toyota Hilux, za mwanzo zilikuwa na platini. Nyingi zenye injini ya 22R zina moduli iliyoshikana na koili. Na zenye injini ya 2TR-FE zina koili moja juu ya kila plagi, chini ya amri ya kompyuta. Ama pikapu za dizeli hazina koili wala plagi za cheche, na mwenye dizeli anayeuziwa koili ametapeliwa.

Kazi hiyo si ndogo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hudai cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani cheche 100 kwa kila sekunde. Katika sehemu ya mia ya sekunde koili yapaswa ijae umeme, ikatwe na itoe cheche, kisha ianze upya. Koili iliyochoka, au inayonyimwa umeme na waya wenye kutu, haiwahi kujaa. Ndipo injini huanza kukosa cheche hapa na pale, na dereva husikia gari likigugumia wakati wa kupanda kilima.

PLAGI NDIYO INAYODAI

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanapoona boksi limeandikwa volti 40,000, hudhani kwamba plagi zao zitapata volti 40,000 kwa kila cheche. La hasha. Koili ni mfano wa mtu amiminaye maji, na plagi ni mfano wa mtungi. Hata amiminaye akiwa na pipa zima, maji hupanda hadi usawa wa mdomo wa mtungi, kisha humwagika. Vivyo hivyo volti hupanda hadi kiasi kinachotosha kuruka nafasi iliyoko kwenye plagi. Zikifika hapo cheche huruka, na volti hazipandi tena.

Katika injini ya kawaida, yenye plagi zilizopimwa vizuri, volti 10,000 hadi 15,000 mara nyingi hutosha. Koili ya awali, ikiwa nzima, huzitoa bila taabu. Koili ya volti 40,000 ikifungwa mahali pake itatoa zile zile 10,000 hadi 15,000, na zilizosalia zitakuwa akiba. Akiba si kitu kibaya, lakini akiba si nguvu ya kuvuta mzigo. Mchanganyiko wa petroli ukishawaka sawasawa umekwisha kuwaka; cheche kali haiwezi kuuwasha mara ya pili.

Ufuo wa Mweru una jambo jingine la kuzingatiwa. Ziwa hilo liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo injini hupata hewa haba na hupungukiwa na nguvu kiasi hicho hicho. Dereva aliyezoea pwani huliona gari lake limelegea na kuilaumu koili. Lakini hewa nyepesi huirahisishia cheche kazi, maana umeme huruka kwa urahisi zaidi pale ambapo mgandamizo ni mdogo. Koili ya pwani, ikiwa nzima, hufanya kazi Nchelenge kwa raha kuliko ilivyofanya pwani. Upungufu wa hewa hautibiwi kwa umeme.

Je, koili yenye nguvu haina mahali pake? Inapo. Injini iliyobadilishwa ikawa na mgandamizo mkubwa, au inayozungushwa kwa kasi nyingi, huhitaji akiba hiyo. Gari ambalo platini zake zimeondolewa na kuwekewa mfumo wa elektroniki hufaidi koili inayojaa upesi. Na gari ambalo koili yake ya zamani imekufa lahitaji koili mpya kwa vyovyote. Ikiwa inayopatikana sokoni ni ile ya watengenezaji wengine, na ina vipimo vinavyooana, hakuna sababu ya kuikataa. Katika hali hiyo mwenye gari huona nafuu ya kweli: injini huwaka upesi, hunguruma bila kugugumia, na petroli iliyokuwa ikitoka bila kuungua hubaki katika tangi. Lakini nafuu hiyo imetokana na koili nzima kuchukua nafasi ya mbovu. Koili mpya ya kawaida ingeleta nafuu ile ile.

KUCHUNGUZA KABLA YA KUNUNUA

Askari aliyefunzwa vema haombi bunduki mpya kwa sababu iliyoko mkononi imeingia mchanga. Huifungua, huisafisha, huikagua, kisha huamua. Mwenye pikapu hana budi kufuata nidhamu hiyo hiyo, na fundi mwaminifu humwongoza katika utaratibu ufuatao.

Kwanza ni betri. Vichwa vyake vikiwa na unga mweupe au wa kijani, visuguliwe na kukazwa. Waya mnene unaounganisha betri na bodi ya gari, na ule unaounganisha injini na bodi, ukaguliwe pande zote mbili. Magari yanayopita katika vumbi la kiangazi na tope la masika hupoteza umeme mwingi katika maungo hayo.

Pili ni plagi. Zitolewe moja moja, zitazamwe rangi, zisafishwe au zibadilishwe, na nafasi ya ncha zake ipimwe kwa kipimo maalumu. Kwa magari mengi yenye platini nafasi hiyo ni milimita 0.7 hadi 0.8, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha gari. Ncha zilizolika huongeza nafasi, na nafasi ikiongezeka plagi hudai volti nyingi. Mara nyingi koili inayodhaniwa dhaifu ni koili inayodaiwa kupita kiasi.

Tatu ni nyaya za plagi, kifuniko cha distributa na rota. Nyufa ndogo za kifuniko hunywa unyevu wa ziwa na kuivujisha cheche kabla haijafika kwenye plagi. Njia rahisi ya kuvumbua uvujaji ni kufungua boneti usiku wa giza, injini ikiwa inanguruma. Penye uvujaji huonekana vimulimuli vya buluu vikitambaa juu ya waya au kifuniko. Hapo ni kutazama kwa macho tu, bila kugusa. Waya au kifuniko kilichovuja kibadilishwe. Hakiponi kwa kuongezewa umeme mkali, bali huzidi kuvuja.

Nne ni platini na kondensa, kwa magari yenye vifaa hivyo. Platini zilizoungua na kuwa na mashimo hazipitishi umeme vizuri, na kondensa ikifa cheche hudhoofika kabisa.

Baada ya hayo yote ndipo koili yenyewe ipimwe. Nyaya zake huondolewa, kisha mita ya umeme hutumiwa kupima ukinzani wa msokoto wa kwanza kati ya ncha zake mbili ndogo, na wa msokoto wa pili kati ya ncha ndogo na shimo la kati. Kipimo cha ukinzani huitwa omu. Koili nyingi za magari ya platini huwa na omu 3 hivi katika msokoto wa kwanza, au omu 1.5 hivi ikiwa gari lina rezista ya nje. Msokoto wa pili huwa na maelfu ya omu. Ipimwe ikiwa baridi, na ipimwe tena ikiwa moto, maana kuna koili zinazojidai nzima asubuhi na kufa mchana. Gari linalowaka vema alfajiri, likazima baada ya mwendo wa saa moja, na kuwaka tena likipoa, lina kila sababu ya kushukiwa ugonjwa huo.

MTEGO WA REZISTA

Ikithibitika kwamba koili mpya yahitajika, jambo la kwanza ni kuoanisha, na hapo ndipo penye mtego unaogharimu wengi. Magari mengi ya zamani yana rezista, kijiti cha udongo mweupe kilicho karibu na koili, ambayo kazi yake ni kupunguza umeme unaoingia. Mengine hayana kijiti hicho, lakini waya wenyewe utokao kwenye swichi umetengenezwa uwe na ukinzani. Mtu asiyejua huuondoa, au hufunga koili isiyoulingana.

Hesabu yake ni rahisi. Injini ikinguruma, alternata hutoa volti 14 hivi. Koili ya omu 3 itapokea ampea 4 na kidogo, kiasi ambacho platini huvumilia. Koili ya omu 1.5 bila rezista itapokea ampea 9. Koili ya omu 0.7, kama zilivyo baadhi ya zile kali, yaweza kupokea hata ampea 20. Platini zitaungua katika siku chache, na moduli ambayo haikuundwa kwa mzigo huo itakufa mara moja. Hivyo mtu aliyenunua nguvu hujikuta amenunua hasara mbili: koili yenyewe, na kifaa ilichokiua.

Ili kujua kama gari lina rezista, swichi huwashwa bila kuwasha injini, platini zikiwa zimegusana, na volti hupimwa kwenye ncha chanya ya koili. Zikiwa karibu na 12, hakuna rezista. Zikiwa kati ya 6 na 9, rezista ipo. Baada ya hapo mnunuzi aende dukani na kipimo chake mkononi, akidai koili yenye omu zinazolingana na gari lake, yenye maandishi yanayoonyesha kama ni ya platini au ya elektroniki, na kama yahitaji rezista au la. Koili isiyo na maelezo hayo isinunuliwe. Zipo koili za kughushi. Zinapowekwa mkononi karibu na ya asili huwa nyepesi, na maandishi yake hufutika kwa kidole.

KUIFUNGA

Kazi ya kufunga ni fupi ikiwa matayarisho yamefanywa. Waya hasi wa betri uondolewe kwanza. Nyaya za koili ya zamani zitiwe alama, au zipigwe picha kwa simu, ili zisichanganywe. Koili ya zamani itolewe pamoja na kishikizo chake, na mahali pake pakwanguliwe kutu, maana koili hupoza joto lake kwa kugusana na chuma cha gari. Isifungwe karibu na bomba la moshi. Ikiwa ni ya mafuta, mdomo wake uelekee juu au kama mtengenezaji alivyoagiza, ili mafuta yasiiache misokoto mikavu.

Waya utokao kwenye swichi hufungwa kwenye ncha chanya. Waya uendao kwenye distributa au moduli hufungwa kwenye ncha hasi. Kuzigeuza ncha hizi hakuzuii injini kuwaka, na kwa hiyo kosa hujificha; lakini plagi hudai volti zaidi kila siku, na koili kali yageuka kuwa dhaifu. Waya mnene wa kati usukumwe mpaka ukae imara, na mpira wake ufunike shimo lote ili unyevu usiingie.

Betri ikirudishwa, injini iwashwe na kuachwa ingurume kwa robo saa. Koili yenye uvuguvugu ni salama. Koili inayounguza mkono ndani ya dakika chache inapokea umeme kupita kiasi. Injini izimwe na vipimo virudiwe. Wapo wanaoshauriwa kupanua nafasi za plagi kwa kuwa koili mpya ni kali. Wasifanye hivyo ikiwa hakuna maagizo ya mtengenezaji, kwa sababu kila sehemu ya milimita inayoongezwa ni mzigo kwa nyaya, kifuniko na rota.

USALAMA WA NYUMBANI

Pikapu nyingi hutengenezwa uani, watoto wakizunguka. Umeme wa koili hauchezewi. Humrusha mtu na kumgongesha kwenye boneti au feni, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo waweza kuwa hatari kubwa zaidi. Desturi ya baadhi ya vijana wa gereji, kuchomoa waya injini ikinguruma ili cheche iruke mbali na watazamaji washangae, ni ya kukomeshwa. Huhatarisha mkono, na katika magari ya elektroniki huua koili au moduli. Anayetaka kuona cheche atumie plagi ya zamani iliyogusishwa barabara kwenye chuma cha injini kabla ya kuzungusha starta.

Ufuoni jambo la hatari zaidi ni petroli. Mashua za injini hutumia petroli, na madumu yake hukaa nyumbani, mara nyingine ndani ya pikapu yenyewe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujikusanya penye bonde dogo. Madumu yaondolewe mbali kabla ya kugusa waya wowote, na sigara isionekane. Aidha swichi isiachwe wazi wakati injini imezimwa, hata kama watoto wataka kusikiliza redio. Platini zikiwa zimegusana, umeme hupita katika koili mfululizo, nayo huchemka mpaka hupasuka.

FEDHA YA FAMILIA

Askari au polisi anapostaafu, mara nyingi kiinua mgongo chake huwa ndicho kinachonunua pikapu, na pikapu huwa ndiyo shamba lake jipya. Mkewe hununua chisense kwa magunia, naye huyapeleka. Katika nyumba ya namna hiyo kifaa cha gari si pambo la baba peke yake. Ni sehemu ya bajeti, sawa na unga na karo, na mama anayo haki ya kuuliza kitaleta nini.

Swali lake liwe moja: gari limepimwa? Likiwa halijapimwa, fedha ya koili kali itumike kwanza kwa plagi nne, nyaya mpya, kifuniko cha distributa na kazi ya saa chache ya fundi. Matengenezo hayo huondoa malalamiko mengi bila koili kuguswa. Likiwa limepimwa na koili ikaonekana mbovu, basi inunuliwe inayooana, ya kawaida au yenye nguvu, kwa vipimo na si kwa rangi. Na ile ya zamani, ikiwa bado ina uhai, ifungwe kwa kitambaa kikavu na kuwekwa chini ya kiti pamoja na spana mbili na bisibisi. Siku ambayo koili mpya itakufa kati ya Chembe na Mufulira, mzigo wa samaki ukianza kunuka, koili kuukuu itathaminiwa kuliko volti zote zilizoandikwa kwenye boksi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari la kazi ufa ni kutu kwenye waya, ni plagi iliyolika, ni kifuniko chenye mpasuko usioonekana mchana. Mwenye kuziba nyufa hizo kila mwaka, wakati nyavu zimeanikwa na ziwa limepumzishwa, atafika Mansa na kurudi kwa koili ya kawaida.